Max na Pure Data: Programu za michoro zinazoifanya kompyuta imfuate mwanamuziki jukwaani

Yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi au tamasha ambapo mwimbaji anaimba juu ya muziki uliorekodiwa anaujua udhia wake. Mwimbaji akitaka kurudia ubeti kwa sababu wasikilizaji wameshangilia, muziki haumsubiri. Akipungukiwa pumzi, haumhurumii. Katika ngoma mambo huwa kinyume: mpigaji humtazama mchezaji miguuni, akaharakisha au akapunguza kadiri mchezaji anavyomwongoza.

Je, kompyuta inaweza kufundishwa kuwa kama mpiga ngoma huyo, badala ya kuwa kama ile rekodi? Swali hilo lilishughulikiwa kwa miaka mingi na watafiti wa muziki barani Ulaya na Marekani, na katika juhudi hizo zikazaliwa programu mbili ambazo leo hutumika katika majumba ya muziki, vyuo vikuu na kumbi za muziki wa elektroniki: Max na Pure Data. Zote mbili zimetokana na kazi ya mtu mmoja, Mmarekani Miller Puckette, na zote mbili humwezesha mwanamuziki kuunda programu kwa kuchora visanduku na kuviunganisha kwa nyuzi, bila kuandika mistari mirefu ya maagizo.

Chini ya ardhi mjini Paris

Taasisi ya IRCAM, inayotafiti muziki na sauti, ilifunguliwa mwaka 1977 jirani na Kituo cha Pompidou, katikati ya jiji la Paris. Sehemu kubwa ya jengo lake imo chini ya ardhi. Mwanzilishi wake alikuwa mtunzi na mwongozaji okestra Pierre Boulez, aliyetaka wanasayansi na watunzi wakae chini ya paa moja.

Hadi wakati huo, mtunzi aliyetaka kuchanganya ala za kawaida na sauti za elektroniki alitegemea zaidi kanda ya sumaku. Sauti zilitengenezwa studio, zikarekodiwa, na siku ya onyesho kanda ikawashwa. Mpiga filimbi au piano alilazimika kwenda na kanda hiyo sekunde kwa sekunde. Lile pumziko dogo ambalo mwanamuziki mzuri huliongeza kabla ya noti muhimu, kwa kuwa amehisi ukumbi umenyamaza, halikuwa na nafasi tena.

Mhandisi Giuseppe Di Giugno aliunda hapo IRCAM mfululizo wa mashine za kuchakata sauti papo hapo, na ya mwisho kati yake iliitwa 4X. Boulez aliitumia katika utunzi wake uitwao Répons, uliochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Humo wapigaji sita huketi kuwazunguka wasikilizaji, na sauti za ala zao hubadilishwa na mashine wakati ule ule wanapopiga. Huo ulikuwa ushahidi kwamba mashine inaweza kufanya kazi kwa kasi ya muziki. Lakini bado haikujua mwanamuziki amefika wapi katika noti zake.

Mwaka 1984, katika mkutano wa kimataifa wa muziki wa kompyuta uliofanyika Paris, watafiti wawili waliwasilisha ufumbuzi unaofanana bila kushirikiana. Mmoja alikuwa Barry Vercoe wa chuo cha MIT, wa pili Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Wazo lao lilikuwa kuipa kompyuta nakala ya noti zote za utunzi, kisha kuiachia isikilize na kulinganisha inachokisikia na kile kilichoandikwa. Vercoe alifanya kazi na mpiga filimbi Larry Beauregard, ambaye filimbi yake ilifungwa vihisio kwenye vibonyezo ili mashine ijue vidole vimekaa wapi hata kabla sauti haijakomaa. Beauregard alifariki dunia mwaka 1985, lakini kazi aliyoianza iliendelezwa na mtunzi Mfaransa Philippe Manoury, ambaye mwaka 1987 alikamilisha Jupiter, utunzi wa filimbi na mashine ya 4X.

Kumwondoa mtu wa kati

Puckette, aliyesomea hisabati huko MIT na Harvard, alikuwa amefika IRCAM katikati ya miaka ya 1980. Alichokikuta ni kizuizi ambacho hakikutokana na udhaifu wa mashine. Kila utunzi mpya ulihitaji mhandisi aandike programu yake upya. Mtunzi akisema wakati wa mazoezi, "Hapa mwangwi uwe mrefu zaidi, na uanze filimbi inapofika noti ya juu," mhandisi alikwenda kuandika, mazoezi yakasimama, na wazo likapoa.

Ufumbuzi wake ulitokana na mashine za sauti za zamani zaidi, zile za analojia, ambazo mpigaji aliziunganisha kwa nyaya: waya unaotoka kwenye kitoa sauti unaingia kwenye kichujio, wa kutoka kwenye kichujio unaingia kwenye kipaza. Puckette alihamishia mtindo huo kwenye skrini ya kompyuta ya Macintosh. Kila kazi ikawa kisanduku, kila uhusiano ukawa uzi unaochorwa kwa kipanya. Programu hiyo aliiita Max, kwa heshima ya Max Mathews, mtafiti wa maabara ya Bell nchini Marekani ambaye mwaka 1957 aliandika programu iliyoifanya kompyuta itoe muziki. Utunzi wa kwanza mkubwa kutumia Max ulikuwa Pluton wa Manoury, wa piano na 4X, mwaka 1988.

Mchoro ndio programu

Ili kuelewa kazi hiyo, mtu na afikirie shamba la umwagiliaji. Maji hutoka kwenye chanzo, hupita mferejini, hukutana na lango linaloyapunguza, kisha huingia kwenye jaruba. Mkulima hahitaji kuandika maagizo. Akitaka kubadilisha, huhamisha mfereji au hufungua lango. Katika Max na Pure Data mchoro mzima huitwa pachi, na kinachopita kwenye nyuzi zake ni namba au sauti yenyewe.

Mfano mdogo unatosha. Kisanduku cha kwanza kinaitwa "metro" na kimepewa namba 500. Kazi yake ni kutoa pigo moja kila milisekunde 500, yaani mara mbili kwa sekunde. Pigo hilo linateremka hadi kisanduku "random 12", ambacho kila kinapoguswa huchagua namba yoyote kuanzia 0 hadi 11. Namba hiyo inaongezwa 60. Matokeo yanaingia kwenye "mtof", kinachogeuza namba ya noti kuwa masafa: 60 inakuwa takriban hezi 261.6, ambayo ni do ya katikati ya piano. 69 inakuwa hezi 440. Masafa hayo yanaingia kwenye "osc~", kitoa wimbi la sauti. Wimbi linazidishwa kwa 0.1 ili kupunguza nguvu yake, kisha linaingia kwenye "dac~", mlango wa kutokea kwenda kwenye spika.

Visanduku saba tu, na kompyuta inapiga noti mpya kila nusu sekunde. Alama ya wimbi iliyo mwishoni mwa baadhi ya majina huonyesha kwamba kisanduku hicho kinashughulikia sauti mfululizo, si namba zinazokuja mara moja moja. Kuhusu ile 0.1, anayeanza asiidharau: anayesahau kuiweka huku amevaa visikizio hukumbuka siku hiyo kwa muda mrefu.

Raha ya utaratibu huu ni kwamba pachi inaweza kubadilishwa ikiwa inaendelea kupiga. Mwanamuziki akigeuza 500 kuwa 125, mapigo yanaongezeka mara nne papo hapo. Akichomoa uzi mmoja na kuuchomeka kwingine, muziki unageuka mbele ya masikio yake.

Ina mitego pia. Katika visanduku vingi, tundu la kushoto kabisa ndilo linalochochea kazi, na yale ya kulia huhifadhi tu kilichoingia. Kwa hiyo namba ikifika kulia kwa kuchelewa, hesabu hufanywa kwa namba ya zamani. Uzi ukigawanyika njia mbili, Max hutuma kwanza kwa kisanduku kilichoko kulia zaidi kwenye skrini, na hivyo kukisogeza kisanduku kidogo tu kunaweza kubadilisha tabia ya pachi nzima. Katika Pure Data mpangilio hufuata ni uzi upi uliochorwa kwanza, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona kabisa. Wazoefu hutumia kisanduku kiitwacho "trigger" ili kuuweka wazi mpangilio huo. Wasio wazoefu hutafuta kosa hadi usiku wa manane.

Hesabu ya milisekunde

Jukwaani, adui mkubwa ni kuchelewa. Sauti ya kidijitali kwa kawaida hugawanywa katika sampuli 44,100 kwa kila sekunde, na kompyuta huzishughulikia kwa mafungu. Pure Data yenyewe hukokotoa sampuli 64 kwa mara moja, sawa na takriban milisekunde 1.5. Lakini kadi ya sauti huhitaji akiba kubwa zaidi. Akiba ya sampuli 256 huleta ucheleweshaji wa karibu milisekunde 6, ambao ni sawa na mtu kusimama mita mbili mbali na spika, na hakuna anayelalamikia hilo. Akiba ya sampuli 1,024 huleta milisekunde 23, kama vile spika imesogezwa umbali wa mita nane. Hapo mpiga ngoma huanza kuhisi kwamba mwenzake anamburura.

Kupunguza akiba kuna gharama yake. Kompyuta isipomaliza hesabu ya fungu moja kabla ya muda wake, spika hutoa mkwaruzo unaosikika ukumbi mzima. Ndiyo maana wanaotumia programu hizi jukwaani huzima intaneti, hufunga programu nyingine zote, na huchagua akiba yao kwa kujaribu ukumbini kabla watu hawajaingia.

Masikio ya mashine

Kumfuata mwanamuziki kunahitaji kwanza kumsikia. Mwaka 1998 Puckette na wenzake walitangaza visanduku viwili vilivyotumika katika Max na Pure Data. Cha kwanza, "fiddle~", hukadiria noti inayopigwa au kuimbwa. Cha pili, "bonk~", hakijali noti, husikiliza mapigo. Hugawa sauti katika mikanda ya masafa na kutazama ni ipi iliyopanda ghafla, na hivyo kinaweza kufundishwa kutofautisha pigo la katikati ya ngoma na la ukingoni. Mpiga ngoma akipewa maikrofoni moja tu anaweza kuiamuru kompyuta kwa mikono yake mwenyewe: pigo la ukingoni liamshe sauti fulani, la katikati liizime.

Ufuataji wa noti zilizoandikwa nao umesonga mbele. Mwaka 2007 mtafiti Arshia Cont alitengeneza huko IRCAM programu ya Antescofo, inayofanya kazi ndani ya Max. Mbali na kutambua mpigaji amefika wapi, hukadiria pia mwendo anaokwenda nao, na hivyo huweza kutarajia noti inayofuata itaangukia wapi badala ya kungoja hadi imesikika. Mpiga ngoma mzuri naye hufanya hivyo hivyo: hangoji mguu ugonge ardhi ndipo ainue mkono.

Ndugu wawili, njia mbili

Max iliingia sokoni mwaka 1990 kupitia kampuni ya Opcode ya California, baada ya David Zicarelli kuiendeleza. Mwaka 1997 Zicarelli alianzisha kampuni ya Cycling '74, ambayo ndiyo inayoiuza hadi sasa, na mwaka huo huo ikaongezwa sehemu ya MSP iliyoiwezesha kompyuta ya kawaida kuzalisha na kuchakata sauti yenyewe, pasipo mashine maalumu. Baadaye ikaongezwa Jitter, kwa ajili ya picha na video. Tangu mwaka 2009 Max imeunganishwa na programu ya Ableton Live, inayopendwa na watayarishaji wengi wa muziki, na mwaka 2017 Ableton iliinunua Cycling '74.

Puckette alikwenda njia nyingine. Baada ya kuhamia Chuo Kikuu cha California mjini San Diego mwaka 1994, aliandika programu mpya yenye mtindo ule ule na kuitoa mwaka 1996 kwa jina la Pure Data, ambalo watumiaji hulifupisha kuwa Pd. Ni programu huria: yeyote anaweza kuipakua bure, kuisoma ndani, kuibadilisha na kuigawa.

Kwa sura, Pd ni kavu. Visanduku vyake vyeupe visivyo na pambo havivutii, na maelezo yake humdhania msomaji kuwa anajua mengi. Max ni nadhifu, ina masomo yaliyopangwa vizuri, na huduma zake zinafaa kwa anayeishi kwa kazi hiyo. Hata hivyo ni ya kulipia, na asiye na leseni huweza kuendesha pachi lakini si kuzihifadhi. Kwa kijana mwenye kompyuta kuukuu iliyopita mikononi mwa watu watatu, Pd ndiyo chaguo la busara zaidi. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoweza kukaa kiganjani, na tangu mwaka 2010, kupitia mfumo wa libpd, hata ndani ya programu za simu za Android. Kanuni za msingi ni zile zile. Anayejifunza moja hahangaiki sana akihamia nyingine.

Pale noti 12 zisipotosha

Kuna faida moja ambayo wasikilizaji wa eneo la Maziwa Makuu na pwani wana sababu ya pekee ya kuijali. Vinanda vya dukani na programu nyingi za muziki hudhani kwamba oktava hugawanywa katika hatua 12 sawa. Amadinda ya Buganda, marimba ya mbao ambayo wapigaji wake huketi pande mbili na kufumanisha mapigo yao, haijui mgawanyo huo. Oktava yake ina hatua tano zinazokaribiana kulingana. Anayejaribu kupiga tuni za amadinda kwenye kinanda cha dukani hupata kitu kinachofanana nazo kwa mbali, kama sura ya ndugu asiye wa baba mmoja.

Katika Pd, kisanduku cha "mtof" kinaweza kuondolewa na mahali pake pakawekwa hesabu nyingine: kila hatua izidishwe kwa kipeuo cha tano cha mbili, ambacho ni takriban 1.149. Ukianzia hezi 200, hatua zinazofuata zinakuwa karibu 230, 264, 303, 348, na kisha 400, ambayo ni oktava. Wachongaji wenyewe huisawazisha amadinda kwa sikio na hawafuati kikokotoo, kwa hiyo mtu makini atapima ala halisi na kuandika masafa yake moja moja katika jedwali. Programu haitamzuia.

Taarab nayo, iliyorithi makamu za Kiarabu kwa njia ya udi, kanuni na fidla, ina noti zinazoangukia katikati ya vibonyezo vya piano. Hapa hata "mtof" yenyewe inatosha, kwa kuwa hupokea desimali: 60 na nusu ni robo toni juu ya do, bila hila yoyote.

Anachokiona aliyekaa ukumbini

Wapo wanaozitumia programu hizi bila mtazamaji kujua. Jonny Greenwood, mpiga gitaa wa kundi la Radiohead la Uingereza, amekuwa akitumia Max jukwaani kukatakata na kupanga upya sauti ya gitaa lake tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Waingereza wawili wanaounda Autechre wamejenga mfumo mzima wa maonyesho yao ndani ya Max, na mara nyingi huzima taa zote za ukumbi, wakaacha masikio yafanye kazi peke yake.

Giza hilo ni jibu la kero ya kweli. Mtu aliyeinamia kompyuta hatofautiani na anayesoma barua pepe, na mtazamaji aliyelipa kiingilio ana haki ya kushuku. Wengine huchagua kinyume chake, wakaimulika skrini yao ukutani ili pachi ionekane ikibadilika. Njia iliyozaa matunda mengi zaidi, hata hivyo, ni ile ya Manoury: kumwacha mtu mwenye ala halisi mbele ya watu, na kompyuta ikae nyuma yake kama msindikizaji.

Mashine inapokufa

Mashine ya 4X haipo tena kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 IRCAM iliibadilisha kwa mtambo mwingine uliotumia kompyuta za NeXT, na baada ya miaka michache kompyuta hizo nazo zikaacha kutengenezwa. Utunzi wa piano ulioandikwa karne ya 19 unahitaji tu karatasi na piano. Pluton, wenye umri mdogo zaidi ya huo kwa karne nzima, ulihitaji mashine ambayo hakuna kiwanda kinachoiunda.

Puckette alianzisha mradi wa kuzihamishia tunzi za aina hiyo katika Pure Data, miongoni mwazo Pluton pamoja na Mantra, utunzi wa mwaka 1970 wa Mjerumani Karlheinz Stockhausen kwa piano mbili na vifaa vya elektroniki. Sababu mojawapo ya kuichagua Pd ni jinsi inavyohifadhi kazi. Pachi inayoonekana kama mchoro kwenye skrini huwekwa katika faili ya maandishi ya kawaida: mstari mmoja kwa kila kisanduku, ukitaja mahali kilipo, jina lake na namba zake, mstari mmoja kwa kila uzi, ukitaja unakotoka na unakoingia. Faili hiyo inafunguka katika programu yoyote ya kuandikia. Inaweza hata kuchapwa kwenye karatasi, na anayejua maana ya visanduku vyake ataweza kuujenga utunzi upya kwa kifaa kingine ambacho bado hakijaundwa.